Ukilipia Gemu kwa Simu, Unanunua Nini Hasa? Somo Kutoka kwa Ubisoft

Kuna swali ambalo huja kwetu kwa njia nyingi, lakini ukilichambua ni lile lile: "Nililipia gemu, pesa ikakatwa, sasa gemu haifunguki. Mnaweza kunirudishia pesa yangu?"

Jibu fupi ni kwamba mara nyingine inawezekana, na mara nyingine haiwezekani kabisa. Jibu refu linahitaji tuelewe kitu kimoja ambacho wengi wetu hatujawahi kukaa chini tukakifikiria: unapobonyeza neno "Nunua" kwenye simu au kompyuta, ukaweka PIN, ukapata ujumbe wa kuthibitisha, ni kitu gani hasa kimekuwa chako?

Leo tutatumia kampuni moja kueleza jambo hili, Ubisoft ya Ufaransa. Hatuna biashara nao na hatukuja kuwasifu wala kuwasema vibaya. Tumewachagua kwa sababu historia yao inaonyesha vizuri jinsi biashara ya gemu ilivyobadilika, kutoka kuuza kitu unachoshika mkononi hadi kuuza ruhusa ya kutumia kitu. Na mabadiliko hayo yanagusa moja kwa moja salio lako.

Ubisoft ni nani?

Huenda jina halikwambii kitu, lakini kazi zao unazijua. Assassin's Creed ni yao. Rayman, Just Dance, Watch Dogs na Rainbow Six Siege ni zao. Far Cry pia wao ndio wanaoimiliki, ingawa ile ya kwanza ya mwaka 2004 ilitengenezwa na kampuni nyingine, Crytek, wao wakaisambaza. Kama umewahi kucheza Hungry Shark kwenye simu, ukimlisha papa samaki na watu mpaka anavimba, basi umecheza gemu ya Ubisoft.

Kampuni ilianzishwa mwaka 1986 na ndugu watano wa familia ya Guillemot: Christian, Claude, Gérard, Michel na Yves. Hawakutoka Paris. Walitoka Bretagne, eneo la wakulima magharibi mwa Ufaransa, katika kijiji kinachoitwa Carentoir. Wazazi wao walikuwa na biashara ya kuuzia wakulima vifaa na bidhaa za shambani, yaani kitu kama ile agrovet ya sokoni kwenu. Biashara ya kilimo ilipoanza kubana, vijana wakaanza kuuza vitu vingine, kompyuta na programu zikiwemo.

Hapo ndipo waligundua jambo ambalo mfanyabiashara yeyote wa Gikomba angelishika mara moja: gemu zilezile zilizouzwa ghali Ufaransa zilipatikana kwa bei nafuu zaidi Uingereza. Wakawa wanaziagiza na kuwauzia wateja kwa njia ya posta. Baadaye wakaona, mbona tunauza vya wengine tu? Wakaanza kutengeneza vyao. Gemu ya kwanza, Zombi, ilitoka mwaka huo huo wa 1986. Rayman, ya mtengenezaji Michel Ancel, ikatoka mwaka 1995 na kuwapa jina duniani. Mwaka 1997 wakafungua studio Montréal, Kanada, na humo ndimo Assassin's Creed ilikozaliwa, ikatoka mwaka 2007. Kufikia mwaka 2022 nakala zaidi ya milioni 200 za mfululizo huo zilikuwa zimeuzwa.

Afrika nayo imo. Far Cry 2, ya mwaka 2008, imewekwa katika nchi ya kubuni ya Afrika iliyo vitani, na watengenezaji wake walifunga safari hadi Kenya kuangalia mandhari. Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017 imewekwa Misri ya kale, na mwaka uliofuata ikapata sehemu ya kielimu isiyo na mapigano, ambapo mtu anatembea tu akielezwa maisha ya huko.

Kwa hiyo hii si kampuni ya mfukoni. Ni kampuni yenye wafanyakazi maelfu kwa maelfu. Shika hilo akilini, kwa sababu yale tutakayoeleza hayakufanywa na matapeli wa mtandaoni. Yalifanywa na kampuni halali, kubwa, kwa kufuata masharti ambayo mnunuzi alikubali mwenyewe.

Pesa ya gemu hukatwa kwa njia nne

Zamani ilikuwa rahisi. Unaenda dukani, unalipa, unapewa kaseti au diski, unarudi nyumbani. Ukichoka nayo unamuuzia rafiki au mnabadilishana. Siku hizi njia ni nne, na kila moja inakata salio lako kivyake.

Ya kwanza ni kulipa mara moja. Unalipia gemu nzima, unaipakua, unacheza.

Ya pili ni nyongeza. Umeshalipia gemu, lakini ndani yake kuna sehemu za ziada, magari, mavazi ya wahusika, hadithi mpya. Kila moja ina bei yake.

Ya tatu ni usajili wa kila mwezi. Unalipa kiasi fulani kila mwezi, unapata rafu nzima ya gemu. Ubisoft walianza yao mwaka 2019, na leo inaitwa Ubisoft+. Ukiacha kulipa, rafu inafungwa.

Ya nne ni gemu ya bure yenye sarafu ndani. Hii ndiyo iliyojaa kwenye simu zetu. Kupakua ni bure, kucheza ni bure, lakini ukitaka kwenda haraka, kupata silaha nzuri au kuondoa matangazo, unanunua sarafu za gemu kwa pesa halisi. Ubisoft wana gemu za aina hii pia. Mwaka 2016 walinunua Ketchapp, kampuni nyingine ya Ufaransa, maarufu kwa gemu ndogondogo za simu zenye matangazo.

Angalia vizuri hizo njia nne. Ni katika ile ya kwanza tu ambapo mtu anaweza kusema kwa moyo safi, "hii ni yangu." Na hata hiyo, ngoja usikie.

Kisa cha The Crew

Desemba 2014, Ubisoft walitoa gemu ya magari inayoitwa The Crew, iliyotengenezwa na studio ya Ivory Tower ya Lyon. Ilikuwa gemu ya kulipia. Ndani yake uliweza kuendesha gari kuzunguka Marekani nzima iliyopunguzwa ukubwa, pwani hadi pwani. Watu waliipenda.

Ila ilikuwa na sharti moja: lazima uwe kwenye intaneti, hata kama unacheza peke yako. Gemu ilikuwa inazungumza na seva za kampuni muda wote. Seva zikizima, gemu imezima.

Desemba 2023 Ubisoft wakaiondoa madukani na kutangaza kwamba seva zitazimwa. Tarehe 31 Machi 2024 zikazimwa kweli. Kuanzia hapo, aliyeinunua mtandaoni hakuweza kuicheza, na aliyenunua diski dukani, akaiweka kabatini vizuri kwenye boksi lake, naye hakuweza kuicheza. Diski ipo, gemu haipo. Siku chache baadaye wachezaji wakaanza kuona kwamba hata leseni ya gemu imeondolewa kwenye akaunti zao.

Je, walirudishiwa pesa? Waliokuwa wamenunua karibuni walipewa nafasi ya kuomba. Walionunua miaka ya nyuma, wapi.

Kelele zikaanza. Aprili 2024 Ross Scott, mtengeneza video wa YouTube, alianzisha kampeni ya Stop Killing Games, inayodai kwamba gemu iliyolipiwa iachwe katika hali ya kuchezeka hata kampuni ikiacha kuihudumia. Novemba 2024 wachezaji wawili wa California wakafungua kesi dhidi ya Ubisoft. Julai 2025 ombi rasmi la raia kwa Umoja wa Ulaya kuhusu jambo hilo likapita saini milioni moja.

Ubisoft nao walisikia. Septemba 2024 walitangaza kwamba The Crew 2 na The Crew Motorfest zitapata namna ya kuchezwa bila intaneti, na The Crew 2 ikaipata mwaka 2025. Lakini The Crew ya kwanza, ile iliyoanzisha ugomvi wote, ilibaki imezimwa.

Nyumba ya kupanga na shamba lenye hati

Hapa ndipo somo lilipo. Kwenye masharti, yale maandishi marefu ambayo sote tunabonyeza "Nakubali" bila kusoma, kampuni nyingi za gemu husema wazi kwamba hukuuzi gemu. Wanakupa leseni, yaani ruhusa ya kuitumia, na ruhusa hiyo inaweza kuisha.

Fikiria tofauti ya shamba lenye hati na nyumba ya kupanga. Ukiwa na hati, shamba ni lako, utaliuza, utawaachia watoto. Nyumba ya kupanga unakaa vizuri, unapaka rangi, unaning'iniza mapazia, lakini siku mwenye nyumba akisema anabomoa, unafungasha. Tofauti ni kwamba kwenye nyumba ya kupanga unajua tangu mwanzo kuwa wewe ni mpangaji. Kwenye gemu, kitufe kilisema "Nunua."

Ndiyo maana jimbo la California, Marekani, lilipitisha sheria iliyoanza kufanya kazi tarehe 1 Januari 2025. Sheria hiyo inataka maduka ya bidhaa za kidijitali yasitumie neno "nunua" kiholela bila kumweleza mteja wazi kwamba anachopata ni leseni. Duka la Steam lilianza kuonyesha tangazo la aina hiyo kwenye ukurasa wa kulipia hata kabla ya tarehe hiyo kufika, Oktoba 2024. Ukinunua huko sasa, lisome. Ni sentensi fupi tu, karibu na kitufe cha kuendelea na malipo.

Na kuna jambo lingine la kukumbuka: kampuni uliyoilipa leo huenda kesho ikawa chini ya mtu mwingine. Michel Guillemot, mmoja wa wale ndugu watano, alianzisha Gameloft, kampuni ambayo gemu zake wengi wetu tulizicheza kwenye simu za vibonyezo na baadaye kwenye simu janja, Asphalt ikiwemo. Mwaka 2016 Gameloft ilichukuliwa na kampuni kubwa ya Vivendi, familia ya Guillemot isitake. Vivendi ilikuwa inanunua hisa za Ubisoft pia, mpaka ikaachana nazo mwaka 2018. Mteja aliyenunua sarafu za gemu hana kauli katika mambo hayo.

Muda ndio kila kitu: kisa cha XDefiant

Kisa cha pili ni kifupi, na kinafundisha kitu tofauti.

Mei 2024 Ubisoft walitoa gemu ya risasi inayoitwa XDefiant. Hii ilikuwa ya bure, pesa yao ikitegemea watu kununua vitu ndani yake. Haikudumu. Desemba mwaka huo huo walitangaza kwamba wanaifunga, na seva zikazimwa Juni 2025.

Safari hii kulikuwa na marejesho. Waliokuwa wamenunua kifurushi kikubwa cha waanzilishi walirudishiwa pesa yote. Waliokuwa wamenunua sarafu za gemu au nyongeza nyingine kuanzia tarehe 3 Novemba, yaani mwezi mmoja kabla ya tangazo, nao walirudishiwa. Lakini aliyenunua sarafu mwezi wa saba au wa nane, akazitumia kununua mavazi, hakuwa kwenye hesabu hiyo.

Umeona? Gemu ni ileile na kampuni ni ileile. Kilichotofautisha aliyerudishiwa na asiyerudishiwa ni alinunua nini na alinunua lini. Kwa hiyo ushahidi wa tarehe na kiasi ni mali. Ule ujumbe wa kuthibitisha tunaokutumia kila ukilipa, usiufute.

Sisi tunaingia wapi?

Tuwe wakweli hapa. Unapolipia gemu kupitia kwetu, kazi yetu ni kutoa pesa kwako na kuifikisha kwa muuzaji, salama, kwa kiasi ulichokubali. Kazi hiyo ikiharibika, ni jukumu letu. Ikifanyika sawa, halafu gemu ikakukatisha tamaa, aliye na pesa yako ni muuzaji, na ndiye mwenye uwezo wa kuirudisha.

Kwa hiyo kabla ya kupiga simu, jiulize uko katika hali gani kati ya hizi.

*Pesa imekatwa mara mbili kwa ununuzi mmoja.* Njoo kwetu. Tupe namba za miamala yote miwili.

*Pesa imekatwa lakini duka linasema halijapokea malipo.* Subiri kidogo, kwa sababu mara nyingine malipo hucheleweshwa na mtandao na kujirekebisha yenyewe. Usilipe tena kwa haraka, hivyo ndivyo watu hulipa mara mbili. Ikikaa bila mabadiliko, njoo kwetu na namba ya muamala.

*Pesa imekatwa na hujui ni nani aliyelipa.* Badilisha PIN papo hapo, kisha tupigie. Hili usilisubirishe hata dakika kumi.

*Umelipa, gemu ukaipata, lakini hukuipenda au haifanyi kazi kwenye simu yako.* Nenda dukani kwanza, tena haraka. Google Play ina saa 48 za kuomba marejesho kwao moja kwa moja. Zikipita, wanakuelekeza kwa mtengenezaji wa gemu. Steam kwa kawaida hukubali ombi ndani ya siku 14 tangu ununue, kama umecheza chini ya saa mbili. Ukiomba mwezi wa pili, utaambiwa pole.

*Gemu imefungwa baada ya miaka.* Hapa sisi hatuna la kurudisha. Tunaweza kukupa taarifa ya miamala yako kama ushahidi, ukitaka kumfuata muuzaji. Tungependa kukwambia vingine, lakini hatutakudanganya.

Piga hesabu kabla ya kubonyeza

Gemu nyingi kubwa huuzwa kwa dola, na dola hutufanya tuone bei ni ndogo. Hebu tufanye mfano. Tuseme gemu ni dola 60, na dola moja ni shilingi 130. Hiyo ni shilingi 7,800. Tuseme usajili wa kila mwezi ni dola 18. Hiyo ni shilingi 2,340 kwa mwezi.

Mwezi wa kwanza usajili unaonekana bure kabisa ukilinganisha. Lakini kufikia mwezi wa nne umelipa shilingi 9,360, zaidi ya bei ya gemu nzima. Mwaka ukiisha umelipa shilingi 28,080, na siku ukiacha, hubaki na kitu. Kama unacheza gemu tano kwa mwezi, labda inakufaa. Kama unacheza moja tu, unajidanganya.

Kumbuka pia kwamba huduma za kidijitali kutoka nje hutozwa VAT ya asilimia 16 hapa Kenya, na kubadilisha shilingi kuwa dola kunaweza kuwa na gharama yake. Kwa hiyo usiangalie bei ya tangazo. Angalia kiasi cha mwisho kwenye skrini ya kulipia, kabla ya kuweka PIN. Kikikushangaza, rudi nyuma. Hakuna aliyewahi kutozwa kwa kubonyeza "Ghairi."

Na usajili haufi kwa kufuta programu kwenye simu. Wengi hudhani hivyo, kisha mwezi ujao wanashangaa pesa imekatwa. Lazima uingie kwenye akaunti ya duka, utafute orodha ya usajili, uusimamishe huko. Kukitokea majaribio ya bure ya siku saba, weka kikumbusho siku ya sita.

Mtoto, simu na PIN

Mwenzetu mmoja hapa ofisini alikuwa anaosha nguo Jumamosi asubuhi. Kijana wake wa miaka tisa alikuwa ametulia sebuleni na simu, kimya kabisa. Mzazi yeyote anajua kimya cha namna hiyo si bure. Alipochukua simu mchana alikuta ujumbe tisa wa malipo: saba ya shilingi 250 na mbili ya shilingi 650. Jumla shilingi 3,050, zote sarafu za gemu. Mtoto hakuwa ameiba kwa akili yake. Aliona mama akiweka tarakimu nne kila siku, akazikumbuka, na gemu ikawa inamuuliza tarakimu nne.

Alifanikiwa kuomba marejesho dukani kwa sababu alifanya hivyo siku hiyo hiyo. Angegundua wiki iliyofuata, pengine hadithi ingekuwa nyingine. Na tuseme ukweli, huyu ni mtu anayefanya kazi kwenye kampuni ya malipo. Kama yeye yalimpata, na wewe yanaweza kukupata.

Kwa hiyo, mambo matatu. PIN ya pesa usiiweke mbele ya mtoto, hata mdogo, wana kumbukumbu kutushinda. Kwenye duka la programu, washa sharti la kuthibitisha kila ununuzi, si mara moja tu. Na kama mtoto anacheza kwa simu yako, usiache njia ya malipo imehifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Weka pesa siku mnayokubaliana kununua kitu, kiasi kile tu.

Zungumza naye pia. Mtoto anapoona "sarafu 500" haoni shilingi. Mwambie: hizo sarafu ni mkate na maziwa ya siku mbili. Ataelewa haraka kuliko unavyodhani.

Wale wa "sarafu za bure"

Palipo na gemu maarufu pana matapeli. Utakutana nao kwenye maoni ya YouTube, kwenye makundi ya Telegram na kwenye meseji. Wana nyimbo tatu.

Wa kwanza anasema atakupa sarafu za bure ukiingiza jina na nywila ya akaunti yako ya gemu. Anachotaka ni akaunti.

Wa pili anauza kodi ya gemu kwa nusu bei, ati anatuma ukimtumia pesa kwanza. Kodi ikija, mara nyingi imeshatumika. Malipo uliyomtumia mtu binafsi kwa hiari yako ni magumu sana kurudisha, kwa sababu akishatoa pesa kwa wakala hakuna cha kurudisha. Nunua kodi kwa duka linalojulikana tu, na uhakikishe ni ya nchi ya akaunti yako. Kadi ya zawadi ya Marekani kwenye akaunti ya Uingereza mara nyingi haitaingia, na muuzaji atakwambia kosa ni lako.

Wa tatu anakupigia akisema ni sisi, kwamba malipo yako ya gemu "yamekwama" na anahitaji PIN ayaachilie. Sisi hatuulizi PIN, kwa simu, kwa meseji wala kwa mtu yeyote. Ukiulizwa, kata simu.

Kabla hujalipa, jiulize

Gemu hii inahitaji intaneti hata nikicheza peke yangu? Kama ndiyo, jua kwamba siku seva zikizimwa, nayo imekwisha. Ina miaka mingapi sokoni? Gemu ya zamani iko karibu na mlango wa kutokea. Ninalipa mara moja au kila mwezi? Duka linaruhusu marejesho ndani ya muda gani? Na swali la mwisho, ambalo ndilo kubwa: kama gemu hii itafungwa baada ya mwaka mmoja, furaha nitakayopata kufikia hapo inatosha kwa pesa hii?

Kama jibu ni ndiyo, lipa, ucheze, ufurahi. Hatukuandika haya ili kukuzuia. Mtu hulipa bob 300 kuingia mechi ya dakika tisini, anatoka bila kubeba kitu, na hasemi ameibiwa, kwa sababu alijua anachonunua. Walionunua The Crew walidhani wananunua gari. Kumbe walikuwa wanalipa nauli.

Ukitaka kuona umetumia kiasi gani kwenye gemu mwaka huu, fungua taarifa ya miamala kwenye programu yetu, utafute jina la duka, ujumlishe. Jiandae kukaa chini kwanza. Na ukikuta malipo usiyoyatambua, tupigie leo, usingoje kesho.